Mwaka wa Kura na Kula

Tulimzika Wachira kwao Tetu, kwenye shamba lenye mteremko mkali hata vijana waliobeba jeneza ilibidi washikwe mashati na wenzao wa nyuma wasije wakateleza. Mpwa wake mwenye sauti nzuri alisoma historia ya maisha yake: shule alizofundisha, kanisa alilosaidia kujenga, kahawa, ng'ombe, watoto, wajukuu. Kisha akasema, "Pia marehemu alifanya kazi kidogo kwenye gazeti," akafunua ukurasa mwingine. Kidogo! Nilikuwa nimekaa chini ya hema, mwanamke wa mbali ambaye wengi walidhani alikuwa mwalimu mwenzake, na neno lile lilinichoma. Ni kweli ulikuwa mwaka mmoja tu, tena haukumalizika. Lakini mimi nimeishi sana, nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume mwema, na bado nikiambiwa nifumbe macho niende ninapotaka, nitakwenda kwenye chumba kile cha juu pale Nyeri, mwaka ule wa uchaguzi, Uhuru ungali mchanga, na Wachira akiingia na vumbi la Kagio kwenye viatu.

Chumba kilikuwa juu ya hoteli. Nasema hoteli kama tunavyosema huku bara, yaani mahali pa chai, mandazi na githeri. Sakafu yetu ilikuwa ya mbao zilizoachana, kwa hiyo moshi, harufu ya vitunguu na siasa ya wateja vilipanda kwetu pamoja. Gazeti letu liliitwa Kengele na lilitoka kila Ijumaa, kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu kama mimi ambao kazi ndiyo iliyowaleta mlimani: askari, walimu, makarani, wauguzi. Wenyeji walilisoma vilevile, mmoja akisomea meza nzima, na sisi tukiwasikiliza kutoka juu tulijua jioni hiyohiyo habari ipi imeuma na ipi imelala. Mhariri alikuwa Bwana Ndirangu, mtu mnene, mkarimu, aliyevaa koti zito la sufu tangu baridi ianze Juni hadi ilipokwisha, na aliyeweza kukukaripia huku anakumiminia chai. Uani alikuwako Mzee Josfat, mpanga herufi, pamoja na mashine ya kuchapa. Wachira ndiye aliyekwenda nje kutafuta habari, kamera begani. Mimi nilikuwa msahihishaji, na jiko la makaa liliwekwa karibu na meza yangu kwa sababu Bwana Ndirangu aliamini kwamba watu wa kwetu, magharibi mwa nchi, hufa kwa baridi ya Nyeri.

Kazi yangu kubwa ilikuwa ra na la. Katika lugha ya wenyeji l haimo, na mtu akisema Kiswahili kwa raha zake, l zote huwa r: analala anarara, analima anarima. Lakini yule aliyesoma, aliyechapwa viboko kwa ajili ya l, hujitahidi, na kujitahidi huko ndiko kunakomponza. Huzimwaga l hata mahali pasipozihitaji, barabara ikawa balabala. Mimi nilikulia kwenye laini za polisi ambako Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya nyumba zote, basi kalamu nyekundu ikawa yangu. Wala sijigambi. Sisi nasi tuna yetu. Nikikasirika, jana yangu huwa chana, na Wachira alikuwa akinichokoza makusudi ili aisikie. Bwana Ndirangu alikuwa na sheria moja aliyonipa siku ya kwanza. "Kwa gazeti yangu kila mtu anaongea Kiswahili safi," alisema. "Hata mlevi wa kortini. Mtu asichekwe kwa sababu ya ulimi." Niliipenda sheria ile kuliko mshahara. Hata humu ninamoandika nimeifuata: r na l za kila mtu nimezirudisha mahali pake, isipokuwa pale ambapo herufi yenyewe ndiyo habari. Makosa yao mengine nimeyaacha, maana ndizo sauti zao, na ninazikumbuka.

Kila siku saa saba mchana Wachira alishuka hotelini akarudi na sahani moja kubwa ya githeri na vijiko viwili. Alikuwa akiyachambua maharagwe na kuyasukumia upande wangu, yeye akabaki na mahindi, na hakuwahi kuliongelea jambo hilo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mimi niko na meno. Wewe uko na maringo." Alicheka kwa pua, kijana mrefu mwenye masikio makubwa, na mkono wake wa kuandika ulikuwa na doa la wino lisilotoka. Siku moja, bila kunitazama, alisema kura zikiisha atanipeleka Tetu nimwone mama yake. Nilimwambia mama yake hatataka kuona mtu wa kutoka mbali namna ile. Akasema, "Mama anataka mtu anakula vizuri." Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu, na sioni haya kukisema kwa uzee huu: nilitaka kubaki Nyeri karibu na Wachira. Kazi ya Kengele ndiyo iliyonipa ruhusa ya kuwa pale. Sikuwa na ndugu mjini, na msichana asiye na kazi hakuwa na sababu ya kupanga chumba katika mji wa watu.

Kampeni zilipoanza kulikuwa na vyama viwili, na kila mtu aliviita kwa alama zake. Chama cha Ufunguo kilikuwa kikubwa, chenye mawaziri na magari. Chama cha Mzinga kilikuwa kipya, na mzinga wenyewe ulikuwa ule wa nyuki, unaotundikwa mtini. Mgombea wa Mzinga upande wetu alikuwa Mwalimu Karuri, mzee mwembamba aliyemfundisha Wachira kuandika, na ambaye Wachira alimwogopa na kumpenda kama watoto wa shule wanavyoweza kufanya yote mawili. Kwa kuwa chama chake kilikuwa na wasemaji wachache, Karuri alizunguka mpaka Kagio na Kangari kuwapigia debe wenzake. Mashine yetu ya kuchapa, kwa upande mwingine, ilikuwa mali ya mtu wa Ufunguo, na mtu huyo alianza kupanda ngazi zetu mara kwa mara, akiuliza hali ya afya zetu.

Hakuna aliyetuamuru tuseme uongo. Ndivyo ninavyopenda kuwaeleza wajukuu wangu, wanaodhani upendeleo wa magazeti ni kitu kinachofanywa na watu wabaya gizani. Ulifanywa mchana, kwa chai. Ufunguo wakihutubia, waliohudhuria walikuwa umati. Mzinga wakihutubia, walikuwa watu kadhaa. Wa Ufunguo alieleza, alisisitiza, alifafanua. Karuri alidai. Ufunguo walikaa ukurasa wa kwanza, na Mzinga tuliwakuta kule nyuma, jirani na matangazo ya ng'ombe waliopotea. Picha nazo! Wachira aliambiwa awapige Ufunguo picha mkutano ukiwa umefurika na Mzinga awapige mapema, watu hawajafika, wakati vijana bado wanapanga viti. Alirudi na picha ya viti, kweli, na viti vile vilikuwa vya mkutano wa Karuri, kweli pia. Nilizisahihisha habari zile zote na sikukuta kosa hata moja la tahajia.

Kisha Karuri akahutubia Karatina. Alikuwa mmoja wa wale waliochapwa kwa ajili ya l, akaja kuwachapa wengine, na kwa kujitahidi kwake kote alisimama mbele ya watu akasema, "Nipeni kula." Alimaanisha kura. Kila aliyekuwa pale alijua alimaanisha kura. Mgombea wa Ufunguo, ambaye hakuwahi kujisumbua, aliliweka sawa neno hilo kila siku kwa bahati tu, maana r ndiyo pekee aliyokuwa nayo, lakini pia aliahidi kwamba serikari itareta maji. Habari zote mbili zilifika mezani pangu siku moja. Nilinyoosha serikari nikanyoosha itareta. Nilipofika kwa Karuri, nikafuta l nikaandika r, na Bwana Ndirangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake, akaweka kidole juu ya alama yangu.

"Hiyo acha vile iko."

"Alitaka kusema kura, Bwana Ndirangu."

"Najua alitaka kusema nini. Lakini si alisema kula? Kazi ya gazeti ni kuandika vile mtu amesema."

"Na huyu wa Ufunguo? Nimemnyoosha sasa hivi, hapa, na hapa."

"Selina," alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua hunyesha, "huyo ni mtu mkubwa. Utaandika mtu mkubwa hivyo?"

Ijumaa hiyo kichwa cha habari kilikuwa NIPENI KULA, ASEMA KARURI. Tulikaa juu tukasikiliza mbao za sakafu. Kicheko kilichopanda nakisikia mpaka leo. Mtu alikuwa akigonga meza. Mwingine alisema, "Mimi nilifikiria wanakula wakishafika bungeni. Huyu anataka kuanzia hapa!" Bwana Ndirangu alitabasamu kidogo, akaona uso wa Wachira, akajitia kutafuta miwani yake. Wachira alifungua daftari, akalifunga, akashuka kwenda kusimama nje kwenye baridi.

Wiki iliyofuata Karuri alikwenda Kagio siku ya soko, na nilikwenda na Wachira kwa sababu nilimsumbua mpaka akakubali. Kinamama wa soko, wenye nyanya na vitunguu vyao, walimpokea kwa kupiga sufuria na vijiko, na mmoja akapanda jukwaani akamkabidhi sahani ya githeri iliyojaa pomoni. Watu walivunjika mbavu. Nilijificha nyuma ya bega la Wachira, sikutaka kuona. Karuri aliipokea sahani kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti, akavua kofia, akaomba kimya kama afanyavyo mtu mezani kwake, akaanza kula. Alikula taratibu, akaimaliza yote. Kicheko kikapungua, kikaisha, na watu wakabaki wanamtazama mzee anakula. Kisha akasimama, akamrudishia mama yule sahani yake na kumshukuru kwa jina la mwanawe wa kwanza, maana ndiye aliyemfundisha mtoto huyo. "Sasa nimekula," akasema. "Tuongee." Aliongea juu ya mashamba na karo mpaka jua likainama, na hakuna aliyeondoka. Walipiga makofi. Yule mama alilia. Kwenye barabara ya kurudi Wachira alinishika mkono mbele za watu kwa mara ya kwanza, na sikumbuki kitu kingine chochote cha safari ile.

Aliandika yote hayo, vizuri kuliko ninavyoyaandika mimi. Kilichotoka Ijumaa kilikuwa mistari michache chini ya kichwa KARURI AFIKA KAGIO, ALA, AONDOKA. Makofi hayakuwemo. Mama yule hakuwemo. Jina la Wachira lilikuwemo, kwa herufi nzito. Alimwomba Bwana Ndirangu jina lisitumike tena, na Bwana Ndirangu akamjibu kwamba habari isiyo na jina ni fununu, na Kengele haichapishi fununu.

Siku chache baadaye tulisikia sauti ya Karuri hotelini chini yetu, akiagiza chai. Mtu akapaza sauti, "Mletee mwalimu kula!" wengine wakacheka, lakini hawakucheka sana. Wachira alishuka. Nililala kifudifudi sakafuni, sikio kwenye ufa, na sikujali Bwana Ndirangu anafikiri nini.

"Wachira, ile habari ya Kagio ni wewe uliandika?"

"Jina ni yangu, mwalimu. Maneno si yangu."

Kijiko kilizunguka ndani ya kikombe kwa muda mrefu.

"Basi ambia jina yako irudi nyumbani," Karuri akasema. Akalipa chai ya wote wawili akaondoka.

Nilipoinuka Bwana Ndirangu alikuwa amegeukia dirisha. Nataka kuwa mwadilifu kwake. Alikuwa na watoto wengi na mashine isiyokuwa yake, na nadhani alikuwa ameanza kuona aibu. Aibu yake haikutusaidia.

Toleo la mwisho kabla ya uchaguzi lilichapwa Alhamisi alasiri. Karuri alikuwa amehutubia Nyeri mjini, na Wachira alileta habari ndefu, safi, ambayo kwa ajabu Bwana Ndirangu aliiacha karibu yote. Kichwa tu ndicho alichokitunga mwenyewe baada ya mwenye mashine kupanda ngazi: KARURI ARUDIA: NATAKA KULA. Chini yake, jina la Wachira. Nilishuka uani na karatasi yangu ya mwisho ya masahihisho. Mzee Josfat alikuwa amekwenda chai. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mezani, umekwisha pangwa, herufi zikitazama kinyume kama zinavyokuwa kabla ya kuchapwa, na zile za kichwa zilikuwa kubwa, za mbao. Nilijua nikigunduliwa nitapanda gari la kwenda magharibi kabla ya Jumapili. Nilijua kwamba huko Tetu sitafika. Nilisimama nikiijua hali yote hiyo, na nilichowaza ni kwamba kijana huyu atakuja kuwa mzee, na jina lake litakuwa limekaa juu ya vitu ambavyo hakuandika. Nilitaka mara moja tu likae juu ya kitu chake. Nikalegeza kabari iliyozibana herufi, nikaitoa L, nikatia R, nikakaza.

KARURI ARUDIA: NATAKA KURA. Kilikuwa kichwa cha habari kibovu kuliko vyote tulivyowahi kuchapa. Hotelini walikisoma wakanyamaza. Hatimaye mmoja akauliza, "Ati nini? Si kila mtu anataka kura? Hii nayo ni habari gani?" Wakahamia kwenye maneno yenyewe, wakayasoma kwa sauti mpaka mwisho, kwa sababu hapakuwa na cha kucheka. Wachira alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha alitazama vidole vyangu, ambavyo sabuni haikuvitakasa, akanitazama usoni, na nilijua amejua.

Mwenye mashine alikuja kabla ya saa sita. Hakupiga kelele. Alisema mtu mmoja lazima aondoke, leo, vinginevyo mashine itaondoka. Bwana Ndirangu alituita mbele ya meza yake.

"Nani aliguza hiyo herufi?"

"Ni mimi," alisema Wachira.

"Si yeye!" nilisema. "Ni mimi, chana, Josfat akiwa chai." Hasira ilikuwa imenipanda, nanyi mmeisikia.

Bwana Ndirangu alitutazama kwa zamu. Alijua ni nani mwenye mazoea ya kugeuza l kuwa r. Angeweza kuona hata wino. Lakini ra na la za Kengele bila mimi zingekuwa vurugu tupu, ilhali Wachira alikuwa mwanafunzi wa Karuri, na hilo mwenye mashine angelielewa mara moja. "Selina, keti," akasema. "Wewe ni mtu wa mbali, siasa ya huku utaijulia wapi?" Alichagua la kuamini kama alivyokuwa akiwachagulia wasomaji. Nililia nikaapa nikagonga meza, naye akanimiminia chai.

Nilimkuta Wachira nyuma ya hoteli, koti mkononi. Nilimuuliza kwa nini amefanya hivyo. "Wewe ukifutwa unarudi kwenu," akasema. "Mimi nikifutwa, kwetu ni hapa tu." Alikuwa amepiga hesabu hiyo pale pale mbele ya meza: kwamba kwa njia hii sote wawili tungebaki chini ya mlima mmoja. Akasema tusionekane pamoja kwa muda, wasije wakajua ukweli, na kwamba mambo yakipoa atakuja. Hayakupoa. Karuri alishindwa vibaya. Baadaye watu wa Mzinga wakaanza kuitwa kituoni kuulizwa maswali, na Wachira akaenda kufundisha Kangari, kwenye mashamba ya chai, ambako hakuna aliyemjua. Mimi nilirudi kwenye meza yangu. Jiko lilikuwa karibu nami, sahani ya githeri nikaimaliza peke yangu, na nilisahihisha kila toleo kwa ukali hata Josfat akaanza kuniogopa. Kila hatua kwenye ngazi ilinifanya niinue kichwa. Kila Ijumaa nilijiambia wiki ijayo.

Baada ya mazishi dada yake, Wangui, aliniita jikoni nipashe mwili moto. Ni mama mnene, mcheshi, na tulikuwa hatujawahi kuonana. Alinipa chai, akaketi kwenye kigoda, akasema nisimjali yule mpwa, hajui kitu. "Ati kidogo! Nilikuwa nakaa na yeye huko Kangari. Huyo Kengele Wachira alikuwa ananunua kila wiki. Anatembea mpaka dukani na mvua, anasoma yote, mpaka ng'ombe imepotea. Namwambia, hawa si ndio walikufuta? Unatafuta nini humo? Anasema, natafuta makosa."

"Aliyapata?"

"Wapi! Anamaliza, anakunja gazeti, anafurahi kama mtoto. Anasema, 'Bado yuko.' Hatukujua ni nani bado yuko. Halafu wiki moja akafungua, makosa imejaa, barabara ni balabala, kura ni kula. Akasoma mpaka mwisho. Hakununua tena. Mwaka uliofuata akaoa."

Kisha akaniuliza polepole kama ni mimi. Nilimwambia kwamba wiki ile ndiyo niliyoacha kazi nikarudi magharibi kuolewa, kwa sababu nilikuwa nimengoja miaka yote ile Wachira aniletee neno moja tu, na hakuleta.